Kuota hakuzalishi ukali wa haradali

Naulizwa kila mara: haradali au brokoli iote siku ngapi ili "dawa" izidi? Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba mbegu kavu ni tupu na kinga yake huzaliwa inapoota. Jamani, si kweli.

Mmea mzazi huijaza mbegu glukosinoleti, yaani kemikali za kinga zinazozaa ukali, kabla haijakauka. Zenyewe haziwashi. Kimeng'enya cha mirosinasi, kinachozivunja ziwe kali, kimetengwa kwenye seli nyingine, na viwili hivyo hukutana seli zikipasuka penye unyevu. Tafuna punje kavu ya haradali ya kahawia: kwanza uchungu kidogo, kisha mate yakishaingia ukali unapanda hadi puani. Hapo sinigrini, glukosinoleti ya haradali hiyo, imevunjwa kuwa isothiosaianeti, kitu chenyewe kinachowasha, na mbegu hiyo haijaota hata kidogo.

Ikiota, chipukizi hunywa maji na kurefuka, na akiba ileile inatandazwa kwenye mwili mkubwa zaidi. Zipo glukosinoleti za jamii ya indoli ambazo hutengenezwa upya, lakini zile zinazotafutwa na wengi hupungua kwa kila gramu kadiri siku zinavyokwenda. Mkanganyiko umetokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wa mwaka 1997: machipukizi ya brokoli ya siku 3 yalikuwa na glukorafanini, glukosinoleti kuu ya brokoli, mara 10 hadi 100 kuliko mmea uliokomaa. Kuliko mmea uliokomaa, si kuliko mbegu! Basi siku 3 zinatosha. Yale mabichi, na uyatafune hasa.

Wengine husema: "Ukungu unaongeza kinga, uache." Usiuache. Ni kweli chipukizi likivamiwa na kuvu hutengeneza fitoaleksini, kemikali za kupigana na kuvu, kama brasinini, ambazo halikuwa nazo. Lakini watafiti huchagua kuvu wanayemjua, kama Rhizopus, na kumpima. Ukungu uliojiotea kwenye chupa yako ya kuoteshea hujui ni wa aina gani wala una sumu gani. Tupa machipukizi yote. Ila usitupe kwa sababu ya vinyweleo vya mizizi, vinavyofanana na ukungu: hivyo huzunguka kila mzizi kwa usawa, na ukisuuza hulala. Ukungu hutanda kama utando kutoka mbegu moja hadi nyingine, na hunuka.

Wengine tena: "Maji ya moto hutoa ukali zaidi." Maji yanayochemka huua mirosinasi. Koroga unga wa haradali kwa maji baridi, usubiri dakika 10, ndipo uutie kwenye chakula.