Aneurizimu ya ubongo: kwa nini mshipa hutuna kwenye njia panda

"Mshipa wa kichwa ulimpasuka." Msibani maneno huishia hapo, kisha watu huanza kuulizana nani alimuudhi marehemu siku ile. Inaniuma kila ninaposikia, kwa sababu mara nyingi mshipa ule ulikuwa umechoka siku nyingi kabla, tena mahali ambapo umbile lake lenyewe ni dhaifu.

Neno mshipa kwetu lina kazi nyingi: kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na wapo wanaoita hata ngiri mshipa. Hapa nazungumzia ateri, ule unaopeleka damu kutoka moyoni kwa msukumo. Aneurizimu ni sehemu ya ukuta wa ateri iliyolegea ikatuna. Kichwani aghalabu hutuna upande mmoja tu, ikawa kifuko chenye shingo, kama zambarau kwenye kikonyo chake. Aliyewahi kujaza upepo tyubu ya baiskeli iliyochakaa anaijua ile nundu inayotokeza pale mpira ulipokonda.

Ubongo hulishwa na ateri nne zinazopanda shingoni, mbili kwa mbele na mbili zikipenya kwenye pingili za shingo. Chini ya ubongo huungana kwa vijiateri vidogo zikafanya duara. Daktari Mwingereza Thomas Willis alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664, na mpaka leo linaitwa duara la Willis. Faida yake ni kwamba njia moja ikiziba, damu huweza kuzungukia nyingine. Lakini duara hilo limejaa njia panda, na aneurizimu nyingi huota hapohapo, kama 85 kati ya 100 zikiwa upande wa mbele. Fundi bomba haoni ajabu: bomba lililonyooka halimpi taabu kama kona na tii. Damu hufika kwa kasi, ikagonga ncha ya panda pale mshipa unapogawanyika, na moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku.

Sasa tutazame ukuta wenyewe, maana hapa ndipo penye siri. Ateri ina matabaka matatu: la ndani laini, la kati la misuli, la nje la nyuzi ngumu. Ateri za sehemu nyingine za mwili zina utando unaonyumbuka upande wa ndani wa tabaka la misuli, na mwingine upande wake wa nje. Zilizo ndani ya fuvu zina ule wa ndani tu. Misuli yake ni michache, tabaka la nje ni jembamba, na hazina nyama ya kuziegemeza. Zinapita katika maji yanayouzunguka ubongo. Utando ule mmoja ukichanika penye panda, hakuna wa pili wa kuzuia ukuta usitune. Presha na sigara huharakisha uchakavu huo.

Tena duara si sawa kwa kila mtu. Zaidi ya nusu yetu hatuna lile kamili linalochorwa vitabuni. Wengine ateri ya mbele ya upande mmoja ni nyembamba mno, kwa hiyo ya upande wa pili hubeba mzigo wa zote mbili, na kishindo huangukia kwenye ateri unganishi ya mbele, kile kijiateri kinachoziunga hizo mbili. Hapo ni miongoni mwa mahali aneurizimu huonekana zaidi.

Watu wazima wapatao 3 kati ya 100 wanayo, na wengi wao haitapasuka kamwe. Ila kadiri kifuko kinavyotanuka, ndivyo ukuta wake unavyovutwa zaidi hata presha isipopanda, huku ukizidi kukonda. Chenye kinundu juu ya nundu kinatisha zaidi, na vilivyo nyuma ya duara hupasuka kwa wepesi kuliko vya mbele. Kikipasuka, damu humwagika katika maji yale na kuenea juu ya ubongo. Kichwa huuma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, shingo hukakamaa, mtu hutapika au kuzimia. Hicho ni kiharusi, na mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyohiyo, asiachwe alale kwanza.

Mara chache mshipa hutoa taarifa mapema. Ateri unganishi ya nyuma hupita jirani na mshipa wa fahamu unaoinua kope. Kifuko kikiota hapo huugandamiza: kope likaanguka, mboni ya jicho ikatanuka. Mwaka 1937, huko Baltimore, Marekani, daktari Walter Dandy alimpasua mgonjwa mwenye dalili hiyo, akakikuta kifuko pale alipokitarajia, akabana shingo yake kwa kibanio cha madini ya fedha.