Seramu haichukui nafasi ya krimu

Juni na Julai Arusha ni baridi, uso unakauka, na wengi huongeza matone ya seramu, yale majimaji mepesi ya kupaka usoni kabla ya krimu, wakidhani ndiyo dawa. Sivyo. Seramu ya asidi ya hayaluroniki hushika maji. Haiyazuii kupotea hewani. Ukiipaka kwenye uso mkavu na kuuacha hivyo, ngozi inaweza kubana zaidi. Nawa, uso ukiwa bado na unyevunyevu paka matone 2 au 3, kisha krimu juu yake ndani ya dakika moja. Kujimwagia seramu nyingi ni kupoteza hela tu: itanata na kutoka vipande vipande kama uchafu wa kifutio. Ngozi ya mafuta? Chukua seramu ya niasinamidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 5 na krimu nyepesi. Asubuhi malizia na krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga cha SPF 30, hata mawingu yakiufunika Meru.