Je, wajua kwa nini gari lililoshinda Safari huvunja ekseli kwenye mita 402?

Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, katika barabara za mawe, vumbi na matope. Hata hivyo, gari la aina hiyohiyo likitolewa injini yake ya silinda sita na kutiwa V8, yaani injini ya silinda nane, kama wanavyofanya mafundi wengi wa Marekani, difu yake ya nyuma inaweza kusagika palepale linapong'oka kwenye mstari wa robo maili, yaani mita 402 za lami iliyonyooka.

Wengi husema sababu ni nguvu za injini, na hesabu inawaunga mkono kiasi. Injini ya awali ya lita 2.4 ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm (nyutoni-mita) 198, ilhali LS1, V8 ya gari la Corvette la mwaka 1997, ina Nm 475. Ukizidisha kwa gia ya kwanza ya kila giaboksi, na kwa uwiano wa difu wa 3.36 (yaani mzunguko unaoingia kwenye difu ni mara 3.36 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu), ekseli iliyozoea takriban Nm 2,400 sasa inabebeshwa zaidi ya Nm 4,200.

Lakini mhalifu mkubwa, kwa maoni yangu, ni tairi. Kwenye vumbi tairi huteleza, na kuteleza huko ni kama fyuzi: nguvu iliyozidi huishia kuchimba ardhi. Kwenye njia ya mbio fupi, lami hupakwa gundi, na gari huvalishwa matairi laini ya kipara yanayong'ang'ania. Dereva akiachia klachi ghafla, hakuna kinachoteleza, kwa hiyo kishindo chote huangukia meno ya krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za difu, pamoja na krosi (viungo vinavyopinda) za shafti mbili zinazopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Aidha, mkia wa gari unapodidimia, magurudumu yanayojitegemea huinama, na tairi hukanyaga kwa ukingo badala ya uso wake wote.

Ndiyo maana wengi huung'oa mfumo huo wa magurudumu yanayojitegemea na kufunga ekseli ngumu ya kipande kimoja, ambayo haina krosi za kukatika na huyaweka magurudumu wima. Ubaya wake ni uzito na kurukaruka kwenye kona mbovu, jambo ambalo katika mita 402 zisizo na kona halimsumbui mtu. Ekseli ya Ford ya inchi 9 (kipenyo cha krauni yake), iliyoanza kutumika mwaka 1957, hupendwa kwa sababu pinioni yake imeshikwa na beringi tatu, ya tatu ikiwa kwenye ncha yake, ng'ambo ya meno, hivyo haikwepi inaposukumwa na krauni. Ekseli ya Ford ya inchi 8.8, inayopatikana kwenye magari ya Ford Explorer yaliyochakaa, ni ya bei nafuu zaidi, na nguvu inayopotea kwa msuguano ni ndogo kuliko kwenye ile ya inchi 9. Ila shafti zake huzuiwa na kibanio chenye umbo la herufi C ndani ya difu, kwa hiyo shafti ikikatika, gurudumu linaweza kuchomoka na kipande chake.

Uwiano wa difu nao hukosewa mara nyingi, kwa dhana kwamba namba kubwa ndiyo bora. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 66, gari likimaliza kwa kilomita 200 kwa saa, huzunguka takriban mara 1,600 kwa dakika. Kwa uwiano wa 3.50 katika gia ya nne, ambayo hupitisha mzunguko wa injini moja kwa moja bila kuubadilisha, injini huwa kwenye mizunguko 5,600, kwa 4.56 ingetakiwa ifike 7,300, na LS1 hukatiwa mafuta muda mrefu kabla ya hapo.

Hubaki upana. 240Z ni gari jembamba, na ekseli hizi zilitengenezwa kwa magari mapana zaidi, kwa hiyo fundi makini huyaweka kwanza matairi ndani ya madigadi, hupima nafasi iliyobaki kati yake, na ndipo hukata mabomba ya ekseli na kuagiza shafti fupi.