Ugezi wa kamera ya faiba si kung'arisha picha

Fundi anafuta lenzi ya endoskopu ya faiba, mrija wa kutazamia ndani ya mwili, anaongeza mwanga, picha inang'aa, kisha anasema: "Nimeshaifanyia ugezi." Wengine husema kalibresheni, ni mamoja. Lakini alichofanya sicho.

Ugezi ni kukipima kifaa kwa kitu ambacho kipimo chake kinajulikana, na kuweka kumbukumbu kifaa kimekosea wapi na kwa kiasi gani. Pale sokoni Darajani, Zanzibar, ukiweka jiwe la kilo moja kwenye mizani na mshale ukasoma gramu 950, umeshaijua mizani hiyo. Kuisugua hadi ing'ae hakutakuambia hilo.

Kamera ya faiba ni fungu la nyuzi za kioo, maelfu kwa maelfu. Uzi mmoja haubebi picha, unabeba nukta moja ya mwanga tu. Picha inapatikana kwa sababu nyuzi zimepangwa sawasawa ncha zote mbili, jambo ambalo faiba za intaneti hazihitaji. Wanafizikia Harold Hopkins na Narinder Kapany walieleza njia hii mwaka 1954, na mwaka 1957 daktari Basil Hirschowitz alikuwa tayari anatazama ndani ya tumbo. Siku hizi endoskopu nyingi zina kihisio cha kamera kwenye ncha, lakini panapotakiwa mrija mwembamba sana, faiba bado inatumika.

Sasa, nyuzi hizo hazifanani. Mmoja unapitisha mwanga mwingi, wa pili kidogo, wa tatu umekatika na kuacha doa jeusi. Baina yao mna nafasi zisizopitisha picha. Juu ya hayo, lenzi ya mbele inapinda mistari iliyo pembezoni. Ndiyo maana mwenye kufanya ugezi huanza kwa kupiga picha ya kitu cheupe kitupu kilichoangazwa sawasawa, kisha nyingine gizani, apate kujua kila uzi ulipo na unapitisha mwanga kiasi gani. Baadaye hupiga karatasi yenye nukta ambazo umbali baina yao unajulikana, na hapo upindaji wa lenzi unapimika.

Tofauti hii inauma zaidi kwenye panorama, yaani picha pana. Picha moja ya kamera hii inaona eneo dogo mno, kwa hiyo picha nyingi zinaunganishwa, na programu inaziunganisha kwa kutafuta kilichosogea kati ya moja na inayofuata. Alama za nyuzi hazisogei kamwe, zimo ndani ya kifaa chenyewe. Programu ikizikuta palepale, inaamini kamera imesimama, na kulaza picha moja juu ya nyingine. Aliyezidisha mng'ao bila ugezi amezikoleza alama hizohizo, basi ameharibu zaidi. Na upindaji usiposahihishwa, kila kiungo kinaongeza kosa dogo. Ukizunguka ndani ya kibofu na kurudi ulipoanzia, picha ya mwisho haikutani na ya kwanza.

Simu zimetuzoeza vibaya, maana kazi hii ilishafanywa kiwandani. Ukipiga panorama ukiwa Forodhani, ukuta wa Ngome Kongwe utaonekana umepinda, lakini hilo si kosa la ugezi. Mandhari iliyokuzunguka imetandazwa kwenye picha bapa, na mistari iliyonyooka hulipa gharama.

Tena ugezi wa faiba haudumu. Ukiichomoa kamera inayopiga picha kwenye kiona-jicho, yaani lenzi ya kutazamia iliyo nyuma ya fungu la nyuzi, ukaizungusha kidogo au kubadilisha fokasi, kila uzi umehama mahali pake pichani, na vipimo vya mwanzo havifai tena.

Kufuta lenzi ni kazi ya lazima, na anayeifanya vizuri anastahili shukrani, tuiite usafi. Kuongeza mwanga tukuite kurekebisha mwanga. Akikwambia amefanya ugezi, muombe kwa upole akuoneshe ile picha ya kitu cheupe, na muulize ilipigwa kabla au baada ya kamera kuchomolewa.