Teknolojia iliyokauka: maana yake, na kwa nini Game Boy bado inachezwa

Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo, kampuni ya gemu ya Kijapani, alikuwa na kanuni moja ya kazi aliyoiita kwa Kijapani kareta gijutsu no suihei shikō. Nusu yake ya kwanza ni teknolojia iliyonyauka au iliyokauka. Nusu ya pili ni kuwaza kwa upande, yaani kuchukua kitu kilichozoeleka na kukipa kazi ambayo hakuna aliyeiwazia.

Neno "kunyauka" linapotosha, mtu akilisikia anafikiria takataka. Mfikirie seremala badala yake. Ukimwagiza mlango, hachukui mbao mbichi hata kama inang'aa, kwa sababu masika yakipita itajipinda. Anachukua iliyokauka. Teknolojia iliyokauka ni hivyohivyo: imetumika miaka, bei imeshuka, kasoro zake zote zinajulikana.

Siku moja Yokoi alikuwa ndani ya treni ya mwendo kasi, akamwona abiria akiua muda kwa kubofyabofya kikokotoo. Vioo na vipuri vya vikokotoo wakati huo vilikuwa bei rahisi. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, gemu ya mfukoni yenye saa ndani yake.

Game Boy, mashine ya gemu ya kushika mkononi, ikafuata Aprili 1989. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144 na viwango vinne tu vya kijivu chenye ukijani, bila taa. Lynx ya kampuni pinzani ya Atari ilitoka mwaka huohuo ikiwa na rangi na mwanga, na Game Gear ya Sega ikaja mwaka uliofuata. Ila zote mbili zilikula betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia betri nne, ikaenda zaidi ya saa kumi. Kwa mtoto anayeomba hela ya betri nyumbani, hesabu hiyo ilikuwa nzito kuliko rangi. Ukijumlisha na Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Ishike mkononi uone. Swichi iko juu. Ukiisukuma kuwasha, kijino cha plastiki kinaingia kwenye pengo la kaseti yenye gemu na kuifunga, usiweze kuichomoa ikiwa inafanya kazi. Kushoto kuna gurudumu dogo la kukoleza kioo, kulia la sauti. Jina la Nintendo linateremka polepole, mlio mmoja unalia, na gemu imeanza. Haikuombi akaunti wala intaneti. Nadhani hapo ndipo mapenzi ya watu yalipo, zaidi hata ya kumbukumbu za utotoni, maana siku hizi wapo vijana wanaoipenda ilhali walizaliwa baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza.

Uimara nao una ushahidi. Iko Game Boy iliyoungua katika Vita vya Ghuba, plastiki ikayeyuka usoni, lakini ikaendelea kuwaka. Kwa miaka mingi ilionyeshwa katika duka la Nintendo jijini New York huku Tetris, gemu ya kupanga matofali yanayoanguka, ikicheza.

Kwetu Afrika Mashariki, wengi waliifahamu Tetris kupitia kile kidude cha Kichina kilichoandikwa Brick Game, chenye ahadi ya gemu 9999. Nyingi zilikuwa gemu zilezile zilizobadilishwa mwendo, lakini kioo chake kilikuwa cha ukoo uleule wa vikokotoo, na betri zake mbili zilidumu sana.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Kukosa taa kulikuwa kasoro ya kweli, na leo kazi ya kwanza ya mashabiki wengi wanaofufua Game Boy ni kubadilisha kioo. Kaseti za mwanzo za gemu ya Pokémon zina kibetri bapa kama cha saa kinachotunza safari yako, yaani pale ulipofikia kwenye gemu. Kikiisha, kila ulichohifadhi kinapotea. Kimechomelewa kwa risasi, hivyo fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kukibandua na kuweka kipya. Ulichokihifadhi hakirudi, lakini kaseti inakuwa tayari kutunza safari nyingine kwa miaka mingi.