“Vumilia mwanangu, ndo uzazi”: tunayoambiwa chuchu zikiuma, na ukweli wake

Wiki ya tatu baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza nlikuwa kwa mama, Mbagala, kila mtoto akitaka kunyonya nang'ata kwanza pindo la khanga. Nang'ata kweli, maana pale anaposhika titi nlikuwa nasikia kama mtu anapitisha wembe. Usiku maziwa yanavuja yanachanganyika na majimaji ya kidonda, asubuhi nguo imegandia kwenye chuchu mpaka niiloweshe na maji ya vuguvugu ndo itoke. Na kila aliyekuja kuniona, shangazi, wifi, majirani, hata yule bibi aliyekuwa ananikanda, neno lao moja, vumilia. Nlivumilia karibu miezi miwili. Saivi nna wa pili ana miezi saba, na naona wadada bado wanaambiwa yaleyale nlioambiwa mimi, ndo maana naandika.

“Kunyonyesha kunauma kwa kila mtu, utazoea.”

Hapa kuna nusu ya ukweli na ndo inayotuponza. Siku za kwanza chuchu kuwa na uchungu ni kawaida kwa wengi, unapanda kama siku ya tatu mpaka ya sita hivi alafu unashuka, na kwa wengi mpaka siku ya kumi umebaki kidogo tu. Na uchungu wenyewe ni ule wa mtoto anapoanza kuvuta, akishakolea unatulia. Sasa kama unaumia toka anashika mpaka anaachia, au titi linawaka moto akishamaliza, au chuchu imepasuka inatoa damu, au wiki ya tatu imefika na ukisikia mtoto analia njaa moyo unakudunda kwa woga, hiyo sio ya kuzoea. Ina sababu, na mara nyingi sababu yenyewe inaonekana kwa macho mtu akikaa akakuangalia unanyonyesha. Mimi pale nlipojifungulia hakuna aliyeniangalia hata mara moja, waliniuliza “ananyonya?” nikasema ndio, nikaruhusiwa.

“Chuchu zako fupi, ndo maana.”

Hii aliniambia shangazi na niliibeba moyoni kama kilema. Kumbe mtoto hatakiwi kunyonya chuchu, anatakiwa kunyonya titi. Hebu pitisha ulimi wako juu mdomoni, mbele pagumu, ukienda nyuma panakuwa laini. Chuchu inatakiwa ifike kule nyuma kwenye ulaini, ikibaki mbele inabanwa kati ya ulimi na pale pagumu, kila akivuta inasagwa, na mtoto ananyonya mara nane, kumi, kumi na mbili kwa siku, sasa piga hesabu mwenyewe ngozi gani itabaki.

Aliyenifumbua macho ni nesi mmoja mtu mzima, siku nimempeleka mtoto kupima uzito. Aliona nimekunja uso nikinyonyesha kwenye benchi, akaja akakaa pembeni yangu, akaniambia mwanangu mtoe taratibu, weka kidole kidogo pembeni ya mdomo wake aachie, usimvute. Nikamtoa. Akanionyesha chuchu yangu: ilikuwa imebonyea upande, nchani imechongoka kama kipande cha muwa kilichokatwa mshazari, na mstari mweupe katikati. Akasema chuchu ikitoka mdomoni inatakiwa iwe duara kama ilivyoingia, labda imerefuka kidogo tu. Ikitoka na umbo la muwa, mtoto hajashika vizuri, hata kama wewe unaona kashika.

Alafu akanipanga upya. Mimi nlikuwa nainama kumpelekea titi, akasema mlete mtoto kwenye titi. Tumbo lake kwenye tumbo langu, sio kalala chali kageuza shingo tu. Kichwa, shingo na mgongo mstari mmoja. Pua yake iangaliane na chuchu, sio mdomo, ili akiinua kichwa kutafuta apanue mdomo wote kama anapiga miayo, na hapohapo unamsogeza kwa haraka, kidevu ndo kinatangulia kuzama kwenye titi. Akishashika, weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini, mdomo wa chini umekunjuka nje, mashavu hayadidimii ndani, na unasikia anameza, sio anafyonza ta ta ta. Alinirudisha mara nne. Mara ya nne nlisubiri wembe haukuja, nikalia pale kwenye benchi mbele za watu.

Vidonda havikupona siku hiyo, viliendelea kama siku sita hivi, lakini hakikuongezeka kipya.

“Ungesugua na taulo ukiwa mjamzito ngozi ingekomaa.” Hapana. Kusugua hakukomazi kitu, kunachubua tu. Na kuosha chuchu na sabuni au dawa ya kuulia vijidudu kila kabla ya kunyonyesha ni vivyohivyo, vile vipele vidogo kwenye weusi wa titi vinatoa mafuta yake yenyewe ya kulinda ngozi, ukiyaosha na sabuni ngozi inakauka inapasuka. Maji ukioga yanatosha.

“Paka asali, paka shubiri, paka mafuta ya mgando.”

Asali naomba tuelewane, mtoto chini ya mwaka mmoja haruhusiwi asali hata ya kulamba, inaweza kuwa na vimbegu vya bakteria vinavyotoa sumu tumboni mwake, sumu inayolegeza misuli mpaka ashindwe kunyonya na hata kupumua. Shubiri sisi watu wa Pwani tunaijua kazi yake, ndo inayopakwa kumwachishia mtoto ziwa kwa ule uchungu wake, sasa unampakia mtoto wa wiki tatu ili iweje? Kinachofaa ni tone la maziwa yako mwenyewe, unakamua mwisho wa kunyonyesha unapaka unaacha hewa ipite. Mapitio ya Cochrane ya 2014 yaliyoweka pamoja majaribio kadhaa yalikuta kutopaka kitu au kupaka maziwa yako kunaweza kuwa sawa na lanolini, ile krimu ya bei mbaya ya madukani. Ukiwa nayo haikudhuru ila usijinyime chakula ukainunue. Na krimu yoyote, hata iwe nzuri vipi, haimfundishi mtoto kushika titi.

“Mtoto ana kimeo. Mtoto ana meno ya plastiki.”

Hapa naongea nikiwa na uchungu kabisa, kwasababu mimi mwenyewe nusura nimpeleke. Mtoto anasumbua kwenye titi, anashika anaachia, analia, jirani anakwambia ana kimeo kirefu, kuna mzee anakata. Au wanakuangalizia ufizi, wanaona uvimbe mweupe, wanasema hayo meno ya plastiki yang'olewe. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, kila binadamu anacho, hakigusi titi na hakina uhusiano na chuchu yako kuuma. Na yale yanayoitwa meno ya plastiki ni ufizi wa kawaida wenye meno ya utoto ambayo hayajatoka bado, ukichimbua unaharibu meno yenyewe. Watoto wanatoka damu nyingi, wanapata maambukizi, pepopunda, VVU kwa kifaa kilichotumika kwa mwingine, na wapo wanaokufa. Jamani msiende.

Kitu kinachoweza kuwepo kweli mdomoni ni ule utepe wa chini ya ulimi kuwa mfupi au kukaza sana. Mtoto akilia unaona ulimi hauinuki, hautoki nje, wakati mwingine ncha yake inakuwa na umbo la kopa. Huyo anaweza kushindwa kushika titi hata ukimpanga vizuri. Lakini sio kila utepe unahitaji kukatwa, wengine wanatulia wakibadilishwa mkao tu, na wa kuamua ni daktari baada ya kuona ananyonyaje.

“Ni fangasi tu hiyo, nenda duka la dawa.” Inaweza kuwa fangasi, hasa kama ulikuwa huumwi ukaanza ghafla, matiti yote mawili, yanawasha na kuchoma, ngozi ya chuchu inang'aa au inabanduka, na mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika kama maziwa. Ikiwa ndo yenyewe mnatibiwa wote wawili kwa pamoja, ukitibiwa peke yako mtakuwa mnaambukizana kila siku. Ila wengi wanaopaka dawa ya fangasi miezi na haiponi tatizo lao ni lilelile la mtoto kushika vibaya. Na ile jivi (GV), dawa ya maji ya zambarau tuliyokua nayo, usimpake mtoto kwa kujiamulia, inaweza kumchubua mdomo, na Kanada mwaka 2019 mamlaka yao ya afya ilitoa tahadhari kwamba inaweza kuhusika na saratani na ikaanza kuondolewa.

Kuna nyingine inafananishwa sana na fangasi. Mtoto anaachia titi, chuchu inageuka nyeupe pe, alafu inakuwa ya bluu au nyekundu, inapwita inauma mpaka ndani. Hiyo ni mishipa ya damu inajibana, na inachochewa na baridi, na usiseme Dar hakuna baridi, kaa na titi bichi lenye mate mbele ya feni au kwenye ofisi yenye kiyoyozi uone. Funika titi na kitambaa kikavu chenye joto mara tu mtoto akiachia, rekebisha anavyoshika, na ikizidi dawa zipo hospitali. Kwa ngozi zetu nyeusi rangi hazionekani wazi sana, angalia kwenye mwanga.

“Ziwa limeziba, lichanwe na kitana, lisuguliwe mpaka lilegee.”

Usikubali. Zamani hata wataalamu walikuwa wanasema kanda, sugua, kamua mpaka liishe. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa unyonyeshaji cha kimataifa kilibadilisha mwongozo wake, kwamba titi lililovimba ni kama mguu ulioteguka, ukilisugua unaliumiza zaidi na uvimbe unaongezeka. Kitambaa cha baridi, mguso mwepesi tu, mtoto aendelee kunyonya kama kawaida, parasetamo au ibuprofeni zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Ukipata homa, kutetemeka, au sehemu ya titi imekuwa ngumu, ya moto, na siku moja imepita haipungui, nenda hospitali usisubiri liwe jipu.

Na maziwa ya titi linalouma hayajaharibika. Hata yakiwa na damu kidogo ya mpasuko hayamdhuru mtoto, anaweza kucheua damu ukashtuka lakini ni ya kwako. Isipokuwa, na hili ni muhimu, mama anayeishi na VVU: chuchu ikipasuka ikatoa damu au titi likaota jipu hatari ya kumwambukiza mtoto inaongezeka, hivo unamnyonyesha upande mzima, ule wenye kidonda unakamua na kumwaga mpaka upone, dawa zako huachi hata siku moja, na unawahi kliniki.

“Lipumzishe titi, mpe ya kopo siku mbili tatu.” Kupumzisha chuchu inawezekana, kupumzisha titi hapana. Ukiacha maziwa humo ndani yanajaa, yanauma, alafu yanapungua. Kama huwezi kabisa kuvumilia, kamua kwa mkono kila masaa mawili matatu umpe kwa kikombe. Na ukiweza kumnyonyesha, anza na titi lenye nafuu, maana mwanzo ndo anavuta kwa nguvu. Ukitumia pampu angalia ule mdomo wake wa plastiki, ukiwa mdogo unasugua chuchu pembeni na ukiwa mkubwa unavuta na weusi wote, wadada wengi waliorudi kazini wanaumizwa na hiyo bila kujua. Na kazini sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, ulizia, usikae matiti yamejaa toka asubuhi alafu foleni ya Kilwa Road ikumalizie jioni.

Maumivu yakirudi mtoto akiwa mkubwa, miezi sita na kuendelea, fikiria meno (anayenyonya kweli hawezi kung'ata, ulimi umefunika meno ya chini, anang'ata akishashiba anacheza, mtoe hapohapo), fikiria hedhi inakaribia kurudi, na fikiria mimba. Na kama ni upande mmoja tu, ngozi ya chuchu inabanduka au ina kidonda kisichopona wiki na wiki hata baada ya dawa, usiite tena ukurutu, daktari alione.

Ukienda kliniki na kadi yako usiseme tu “chuchu zinauma”, utapewa krimu uondoke. Sema nesi naomba uniangalie nikimnyonyesha, toka anashika mpaka anaachia, alafu akiachia mwonyeshe chuchu kabla haijarudi umbo lake.