Wanafunzi wa Udaktari Wanatafuta Nini Mtaani Kwako?

Ukiwaona vijana wenye vitambulisho vya chuo shingoni wakizunguka Mishomoroni au Mtongwe hapa Mombasa na karatasi mkononi, mhamasishaji wa afya ya jamii akiwatangulia, usidhani ni watu wa sensa wala wa kampeni. Ni wanafunzi wa udaktari, na somo lao siku hiyo ni mtaa wako. Sisi tunaowafundisha afya ya jamii huulizwa sana na wazee wa baraza: daktari hujifunza kwa mgonjwa aliye kitandani, sasa huku kwa watu wenye afya zao anatafuta nini?

Anatafuta nusu ya hesabu ambayo hospitali haina. Chukua rejista ya Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji tunaiita Makadara. Rejista itakuambia, tuseme, watoto 20 wa mtaa fulani wameletwa wiki hii wakiharisha. Je, 20 kati ya wangapi? Mtaa ukiwa na watoto 200, hilo ni janga, na maafisa wa afya walitakiwa kuwa huko tangu jana. Ukiwa na watoto 5,000, huenda ni hali ya kila wiki. Tena rejista haimjui yule aliyenunuliwa dawa dukani, aliyenyweshwa kombe la maji ya dua, au ambaye mamake alikosa nauli ya matatu akabaki naye nyumbani. Mwanafunzi anayekaa wodini tu huhitimu akiwajua wagonjwa waliofika. Wasiofika hajawahi kuwaona, naye hudhani hawapo.

Kwa hiyo tunawapeleka wahesabu. Hapa ndipo wengi wao hujikwaa mwanzoni, maana kuhesabu watu ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwachie mwanafunzi achague nyumba mwenyewe, atachagua zilizo kando ya barabara, zenye kivuli, na za mama mcheshi aliyewakaribisha jana akawapa sharubati. Majibu yatakuwa ya watu wenye barabara, kivuli na sharubati. Ndiyo maana tunapiga kura ya nyumba ya kwanza, kisha tunakwenda kila nyumba ya tano au ya kumi, hata kama ya kumi iko mwisho wa kichochoro chenye mbwa. Saa nayo ina mtego wake. Ukibisha hodi saa nne asubuhi utawakuta kina mama, wazee na watoto. Wanaume wako bandarini, kwenye magodauni ya Changamwe au kwenye bodaboda. Ukirudi na takwimu zinazosema watu wa Jomvu hawavuti sigara, jua umewauliza waliobaki nyumbani. Lazima urudi jioni. Ijumaa adhuhuri usijisumbue.

Halafu yako mambo ambayo hojaji haiulizi, bali macho huona. Katika nyumba ya Kiswahili ya kupangisha, vyumba vimepangana pande mbili za ukumbi, choo kiko uani, na kila mpangaji ana pipa lake la maji. Ninapenda kumwambia mwanafunzi awashe tochi ya simu amulike ndani ya pipa kabla hajauliza chochote. Viluwiluwi vikiguswa na mwanga hupiga mbizi vyote kwa pamoja. Hao mara nyingi ni watoto wa Aedes, mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, na ndiye anayesambaza dengue na chikungunya, homa za virusi. Tofauti na mbu wa malaria, yeye ameridhika na maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba yako. Mayai yake huyabandika ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa siku pipa linapojaa. Ndiyo sababu kumwaga maji peke yake hakutoshi. Pipa lisuguliwe kwa brashi pande zote, kisha lifunikwe pasibaki upenyo.

Mombasa ilipigwa na dengue mwaka 2013, na chikungunya ikatuzukia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2018. Watu walitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Mgonjwa wa namna hii akifika kituoni na homa, kipimo cha malaria kikasema hana, daktari asiyejua mtaa hubaki akibahatisha. Anayejua mtaa huuliza: kwenu nani mwingine ana homa, na maji mnayaweka wapi?

Karibu kila kundi la wanafunzi huandika pendekezo lilelile: wakazi waelimishwe kufunika mapipa. Pendekezo si baya, lakini huwa nalizungushia kalamu nyekundu na kuuliza pipa limefikaje pale. Mpangaji hakulinunua kwa kulipenda. Mombasa haina mto wake wa maji matamu. Maji yetu husafiri kutoka chemchemi za Mzima kule Taita Taveta na visima vya Baricho karibu na mto Sabaki, na hayatoshi, kwa hiyo bomba hutoa siku moja na kukauka siku kadhaa. Anayeishi hivyo lazima aweke akiba. Mwanafunzi akishaona kwamba ratiba ya maji ni sababu ya homa sawa na mbu, ameanza kuelewa afya ya umma. Kumlaumu mama wa chumba namba nne ni rahisi zaidi, na madaktari wengi tumezoea njia hiyo.

Mfano mzito kuliko huo tunao hapa hapa, Owino Uhuru, kijiji kilichoko Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo, alipouguliwa na mtoto wake mchanga, kwanza ilidhaniwa ni malaria na homa ya matumbo. Vipimo vya damu ndivyo vilivyoonyesha risasi. Kiwanda kilifungwa 2014, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Ninaporudia kisa hiki darasani, kinachonishughulisha ni tiba. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na zipo dawa za kuiondoa mwilini. Lakini ukimpa mtoto dawa hizo kisha ukamrudisha kwenye vumbi lilelile, umefanya kazi bure. Dawa yake ya kwanza ni kuondoa chanzo, na chanzo hakiandikiwi kwenye karatasi ya dawa. Kinafuatwa kwa ramani, kwa barua za serikali ya kaunti, wakati mwingine kortini. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwahimiza wenzake wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Kwa Mombasa ninaongeza: na jirani yako anafanya kazi gani.

Mafunzo haya si uvumbuzi wa jana. Madaktari Sidney na Emily Kark walianza kazi Pholela, Afrika Kusini, mwaka 1940, wakipita nyumba kwa nyumba kabla ya kupanga tiba. Azimio la Alma-Ata, la mkutano wa kimataifa wa afya wa 1978, liliifanya afya ya msingi kuwa jambo la dunia nzima. Na hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kiliyaingiza masomo ya kijamii katika mpango wa udaktari tangu mwanzo, yakaenea miaka kadhaa. Mimi naona huo ndio mpango sahihi. Wiki chache za mtaani zilizobanwa kati ya upasuaji na magonjwa ya watoto huwafanya wanafunzi wazichukulie kuwa likizo.

Sasa upande wako wewe mwenye nyumba. Mwanafunzi si daktari bado. Hana ruhusa ya kukuandikia dawa, na ukimwona anafanya hivyo, tuambie. Anaweza kukupima presha, au kumpima mtoto wa miezi 6 hadi 59 mkono kwa utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na huyo hapaswi kuachwa na hojaji bali apelekwe kituoni siku hiyohiyo, mhamasishaji wenu akifuatilia. Anaweza kuomba kuona kitabu cha kliniki ili atazame chanjo. Kukataa kujibu ni haki yako, swali moja au yote, na hakuna huduma utakayonyimwa kwa sababu hiyo. Picha hazipigwi bila idhini yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee.

Lalamiko tunalolipata kuliko yote si kuhusu maswali. Ni kwamba watu huja, huuliza, huondoka, na hawaonekani tena. Mtaa umehojiwa mara kadhaa na hakuna anayejua ilipatikana nini. Wako sahihi kulalamika. Kwa maoni yangu, kundi lisilorudi barazani kueleza lilichokuta lingepaswa kufeli somo hilo, hata ripoti yake ikiwa nzuri namna gani. Kwa hiyo vijana wakimaliza kuandika, kabla hujawaaga, waulize watarudi lini na matokeo, yatasomwa wapi, na msimamizi wao ni nani. Mwombe mzee wa mtaa aiandike tarehe hiyo. Wakishindwa kuitaja, unaweza kuwaambia waje na hojaji siku watakayokuwa na tarehe ya kurudi.